Dawa ya Kutuliza Askari

Haya nilielezwa na Batuli, muke wa Nasiri, wiki ya kwanza kisha Idi ndogo, tumekaa ku baraza yangu hapa Rumonge tunachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Hakunieleza kwa siku moja. Alisema kidogo, akacheka, akakasirika, akabeba beseni yake akaenda. Kesho yake akarudi na beseni ingine tukaendelea. Miye sina haraka. Ndagala haziishi na watu wajinga hawaishi, kwa hiyo kazi na habari zilienda pamoja. Yaliyotokea ni ya Batuli. Dharau nyingi ni yake vilevile, lakini pale itakapozidi, mujue iko yangu.

Kazi ya Nasiri ilikuwa kukata mikungu ya michikichi upande wa Kizuka. Anapanda na ukanda wake, anakata, mikungu inaanguka, inabebwa ku presi kukamuliwa mawese. Muchikichi iko na miiba, na kila mutu wa kazi ile anachomwa. Wanautoa mwiba kwa meno, wanautema, wanapanda muti mwingine. Ukienda hospitali juu ya mwiba, wenzako watakucheka mpaka siku utakayooza mutoto wako. Ile mara mwiba ulivunjikia ndani ya kidole cha kati, mukono wa kulia. Kidole kikavimba. Nasiri akakipaka mawese ya moto. Kikavimba zaidi, kikawa na rangi ya biringanya. Batuli akamwambia twende hospitali.

"Niende niwaambie nini?" akajibu. "Kwamba muchikichi umenipiga?"

Wanaume hawa. Kidole kinaoza, heshima iko salama.

Asubuhi moja akaamka anatetemeka, meno yanagongana, anahema kama mutu aliyefukuzwa na mbwa, na akamuita Batuli kwa jina la mama yake marehemu. Hapo Batuli hakubembeleza tena. Aliita pikipiki, akamuketisha Nasiri katikati, dereva mbele, yeye nyuma amemukumbatia ili asianguke. Anasema joto la mugongo wake lilipita nguo mbili likamufikia kifuani kama amebeba chungu kilichotoka jikoni.

Hospitali walifanya vitu vya kueleweka. Walimutundikia seromu ya mushipani, wakamudunga dawa za kuua vijidudu, wakapasua kidole usaha utoke. Lakini presha ilibaki chini, mukojo haukutoka, na maneno yake yakawa ya mutu anayeongea kutoka chini ya maji.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Aristide, wa Bujumbura. Kirundi chake kizuri, Kifaransa chake kizuri zaidi, na Kiswahili chake kinatembea kama mutu bila viatu juu ya changarawe. Lakini hakukimbia, hilo nampa. Alikaa na Batuli ku benchi akamueleza kwa utaratibu.

"Mama Chausiku," akasema, maana Chausiku ndiye binti yao wa kwanza, "vijidudu viliingia na mwiba, vikafika mu damu. Dawa tunayomupa inaviua. Shida ni kwamba mwili wake umekasirika kupita kiasi. Unapiga vijidudu, halafu unajipiga wenyewe. Figo, mapafu, mishipa, vyote vinapigwa."

"Na dawa ya hiyo hasira haiko?"

"Bado inatafutwa. Ndiyo tunajaribu hapa, na katika hospitali zingine. Kwanza tunapima damu. Kama damu inaonyesha hasira kali, na familia imekubali, kompyuta inachagua: huyu apewe dawa, huyu apewe maji ya chumvi. Mifuko inafanana. Mimi sitajua, na wewe hutajua."

"Zile dawa zingine munamuondolea?"

"Hapana! Hizo zinaendelea kwa kila mutu. Hata ukikataa zinaendelea. Lakini kama unakubali, inafaa tuanze leo, kabla ya jua kuzama. Kesho figo zinaweza kuwa zimechoka kabisa."

Batuli angekubali palepale. Lakini kwetu muke hakubali peke yake kitu kipya kiingie mu damu ya mume, ndugu za mume wakiwa hai na simu zao zikiwa na chaji. Akipona, Mungu ashukuriwe. Akikufa, muke ndiye aliyemuua, na atasikia hivyo ku kila arusi na kila matanga mpaka naye azikwe. Basi Batuli akasema damu mupime, lakini neno la kukubali litangoja, akapiga simu kwa kaka mukubwa wa Nasiri. Ndiyo akaja Jamali.

Inafaa niwaeleze Jamali, ingawa yeye mwenyewe angewaeleza kwa muda murefu zaidi. Zamani, SIDA, ule ukimwi, ilipokuwa inatumaliza, ulikuja mradi mumoja ukachagua watu katika kila kartiye, kila mutaa, ukawafundisha ili nao watufundishe sisi. Jamali akachaguliwa. Akapewa kofia ya mradi na kitambaa kikubwa chenye picha: mwili wa mutu ni nyumba, mulangoni wamesimama askari na bunduki, SIDA inakuja inaua askari mumoja mumoja, mwishowe nyumba inabaki wazi na kila ugonjwa unaopita njiani unaingia. Fundisho lilikuwa zuri. Silicheki. Kutoka hapa mpaka Kabezi hakuna mutu asiyejua askari wa mwili, na wengi walienda kupimwa juu ya ile picha. Ninayemucheka ni Jamali. Alifundishwa kitu kimoja, akakifanya ufunguo wa kila mulango. Homa? Askari wako wachache. Mutoto hapendi shule? Askari. Kuku wa jirani walikufa kwa kideri, Jamali akaenda kuwafariji wenye kuku, akawaambia askari wa kuku ni wadogo kwa asili. Ile kofia imechakaa hata maandishi yameondoka, bado anaivaa, tena juu ya kofia yake ya kuswalia, moja juu ya ingine, kama sufuria na kifuniko.

Alifika hospitali akifuatwa na wanaume wa kartiye, wale wanaokwenda kila mahali penye mugonjwa ili wasiende kazini. Mukononi alibeba chupa ya chai. Ndani hamukuwa na chai. Mulikuwa na majani ya moringa, kitunguu saumu, betrave, kile kiazi chekundu, iliyokamuliwa, na mawese mabichi juu yake.

"Hii inaongeza askari," akamwambia Batuli kabla ya salamu. "Mugonjwa iko wapi?"

"Ngoja kwanza, shemeji. Daktari anataka kukueleza jambo."

Daktari Aristide akatoka nje, uani, akawasalimia, amahoro, amahoro, akaanza. Na hapo kijana yule akafanya kosa. Alikuwa anatafuta namna ya kusema vile vitu vinavyolinda mwili, akakumbuka ile picha ambayo kila mutu wa huku anaijua. Hakujua mwenye picha ndiye aliyesimama mbele yake.

"Muzee," akasema, "askari wa mwili wake wamewaka. Wanavunja hata nyumba. Tunataka kuwatuliza."

Jamali akaivua kofia ya juu, akaitazama, akairudisha.

"Kuwatuliza. Yaani munawapunguza nguvu?"

"Kidogo, ndiyo. Kwa siku chache."

"Mumesikia!" Jamali akageukia watu, mikono juu kama amefunga bao. "Mumesikia kwa masikio yenu, sijamuongezea! SIDA inafanya nini? Niambieni, niliwafundisha!"

"Inapunguza askari," wakaitikia wale wanaume, wazee wazima, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Na hawa wanataka nini?"

"Kupunguza askari!"

"Basi ni SIDA ya mufukoni! Wanataka kumutundikia ndugu yangu SIDA, tena wanasema wazi, tena mu Kiswahili!"

Daktari akasema hapana, hapana, ni tofauti, SIDA ni kirusi, hii ni dawa ya muda mufupi. Kiswahili kikamuishia njiani. Akaingia Kirundi, akamalizia na Kifaransa, na kadiri alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwenye kuficha. Akamuita mugeni aliyeleta ule utafiti wa dawa aje kumusaidia. Akaja mama muzungu wa sandali, na tableti yake, akawaonyesha filamu. Vidude vya njano vinaogelea, vidude vya zambarau vinavifuata, chini yake kinanda, na sauti ya Kifaransa inasema taratibu kama inabembeleza mutoto. Wanaume wakasogea kutazama. Mumoja akauliza kama humo wanaweza kupata mechi.

"Miye nilitaka mutu aniambie mume wangu atapona namna gani," Batuli ananiambia, "yeye ananionyesha samaki wa zambarau."

"Mutu anakufa," Jamali akasema, "wao wanapiga kinanda."

Siku ile nzima, hapo peke yake nakubaliana na Jamali.

Basi akaingia mu chumba cha wagonjwa na chupa yake, akamimina ile kitu mu kifuniko, akatoa kijiko mufukoni, akamuinua Nasiri kichwa. Nasiri macho amefumba nusu, mudomo wazi, hajui kama ni mchana. Akatokea Marcelina, muuguzi wa zamu, mama wa Kikongo aliyezaliwa upande wa Uvira, mwenye sauti ya kuongoza kwaya.

"Weka kijiko chini."

"Wewe unajua miye ni nani?"

"Weka chini kwanza, nitakujua baadaye. Huyu hamezi. Hiyo supu yako itaingia mu mapafu yake na utakuwa umemumaliza kwa kijiko."

"Mama, miye nilifundishwa mambo ya askari wakati wewe unavaa sare ya shule."

"Sasa nimekukumbuka," Marcelina akasema. "Si wewe ulimwambia shangazi yangu kwamba presha yake ni askari wanafanya gwaride?"

"Ndiyo. Alipona?"

"Alipona. Aliacha kukusikiliza."

Wagonjwa wenye nguvu wakacheka. Mumoja alishika mushono wake akilia kwa kicheko na maumivu. Jamali akaweka kijiko, lakini hakushindwa. Watu wa namna ile wanatoka tu mulango mwingine. Alirudi uani akatangaza kwamba ndugu yake anahamishwa. Kuna mutu Bugarama, akasema, anaosha damu na anaamsha askari waliolala, amewaamsha wengi. Akamutuma mumoja wa wale wanaume atafute gari.

Jua lilikuwa limeanza kushuka kuelekea milima ya Kongo. Batuli alisimama mulangoni, ndani mume anahema kwa kasi, nje shemeji anapanga safari. Hakuwa na uhakika wa dawa ya daktari. Mutajidanganya mukifikiri alikuwa nao. Alikuwa na uhakika wa kitu kimoja tu, kwamba Nasiri akipakiwa ku gari kwenda Bugarama atarudi amefunikwa.

Daktari Aristide akaja haraka kutoka maabara. Batuli akamuzuia palepale, mbele ya watu wote.

"Damu yake inasema nini? Imelala ama imewaka?"

"Imewaka, mama. Sana."

"Na ingekuwa imelala?"

"Basi nisingekuomba kitu. Wako wagonjwa wa hivyo, mwili wao umechoka, haupigani. Wale hatuwapi hii dawa kabisa. Ingewadhuru."

"Umeona!" Jamali akadakia. "Amesema mwenyewe inadhuru!"

Hapo ndipo Batuli akageuka. Mujue Batuli si mutu wa kupaza sauti. Ameolewa katika ile nyumba akiwa binti, na tangu hapo Jamali akiongea yeye anaangalia mukeka. Siku ile alimuangalia usoni, chini ya kofia zote mbili.

"Shemeji Jamali, unakumbuka mwizi wa kwa Hadji?"

Kicheko kikaanza nyuma kabla hajasema zaidi, maana kila mutu wa kartiye anakumbuka. Kwa musomaji asiye wa hapa nitaeleza. Hadji anauza mawese. Masika yaliyopita mwizi aliingia mu depo yake, muke wa Hadji akagonga sufuria, na kartiye yote ikatoka na fimbo, Jamali mbele. Hadji akasimama mulangoni na ufunguo mukononi, wao wakavunja mulango. Wakang'oa mabati waone kama mwizi yuko juu. Wakabomoa ukuta waone kama yuko nyuma. Wakamwaga mawese, madumu yote, wakateleza ndani yake, wakasikia mutu anakimbia wakamukamata wakamupiga vizuri. Walipoleta taa, alikuwa Hadji mwenyewe na nguo ya ndani. Mwizi, tulikuja kujua baadaye, alitoka zamani. Alikuwa ameokota fimbo akawasaidia kubomoa, kisha akaenda kwake kulala.

"Nakumbuka," Jamali akasema. "Inahusu nini?"

"Nani alimumaliza Hadji? Mwizi?"

"Tulienda kumusaidia!"

"Nauliza nani alibomoa nyumba."

Hadji mwenyewe alikuwa kati ya wale wanaume, na hapa akafungua mudomo, bila haraka, kama mutu aliyengoja muda murefu aulizwe. "Ubavu wangu bado unauma mvua ikitaka kunyesha," akasema. "Na si mwizi."

Watu wakaangua kicheko. Jamali akajaribu kucheka nao, kikamukataa.

"Shemeji," Batuli akaendelea, "zile dawa za kwanza zinafukuza mwizi. Hizo wanampa na wataendelea kumupa. Lakini ninyi mulioko ndani munabomoa, ninyi wa fimbo, nani anawafukuza ninyi? Mugonjwa wa SIDA hana askari mulangoni, sawa, ulitufundisha, murakoze. Huyu wake wamejaa nyumba nzima wanang'oa mabati. Na wewe unawaletea chakula mu chupa!"

Yule aliyetumwa kutafuta gari alikuwa amesharudi, na gari liko nje linawaka mashine, lakini naye alisimama anasikiliza, funguo za mutu mukononi.

Jamali akashusha sauti. Ndiyo namna yao, wakishindwa mbele ya watu wanakuja karibu na kunong'ona.

"Akikufa, Batuli, itakuwa juu yako. Sitanyamaza."

"Wewe kunyamaza?" Batuli akasema. "Tangu asubuhi iko juu yangu, shemeji. Nimemubeba na kifua changu kutoka nyumbani mpaka hapa, bado kinawaka. Wewe umebeba chupa."

Akaingia ndani, akachukua kalamu ya daktari, akaandika jina lake. Anaandika polepole, herufi moja moja, kama miye. Marcelina alimushikia karatasi isitikisike. Jua halijagusa milima bado mufuko ukatundikwa, mweupe, bila maandishi isipokuwa namba. Ilikuwa dawa ama maji ya chumvi, hakuna aliyejua. Batuli alitazama matone yanavyoshuka, anasema yalifanana na matone ya seromu ingine yoyote, na akajiona mujinga kwa kutegemea yatakuwa na rangi.

Jamali je? Gari likaondoka bila mutu. Wale wanaume wakakumbuka ghafula kwamba wako na kazi. Akabaki peke yake ku benchi na ile chupa, na kwa sababu amekasirika, na kwa sababu ya kuwaonyesha, akaanza kuinywa mwenyewe. Akainywa yote. Moringa, kitunguu saumu, betrave, mawese mabichi. Alilala hapohapo uani na askari wake wote wapya, na kulipokucha tumbo lake likaanza kuimba. Akaenda choo. Marcelina anasema walimusikia mpaka maternite, kule wanakozalia.

"Daktari! Daktari Aristide! Nakojoa damu!"

Akatoka anakimbia, kofia moja imeanguka, suruali ameshika kwa mukono. Marcelina akamuuliza alikula nini. Akasema hakula kitu, amekunywa dawa tu.

"Dawa gani? Ile nyekundu?"

"Wacha maswali, mama, ninakufa! Askari wangu wamewaka, ninawasikia tumboni! Nipeni na miye ile ya kutuliza!"

Mutoto mudogo anajua betrave inapaka rangi mukojo. Lakini mutoto mudogo hakwenda semina. Marcelina akamupa maji ya chumvi na sukari, akamwambia aketi karibu na choo, na akamwambia vilevile kwamba kwa ile dawa anayoomba inafaa kwanza familia ikubali, amupigie simu shemeji yake. Batuli alipofika hapo kunieleza, akaangusha ndagala zote chini, tukaokota pamoja, tunacheka, paka anatusaidia.

Nasiri hakuinuka kama katika filamu. Homa ilishuka, ikapanda, ikashuka. Mukojo ulirudi kidogo, mweusi kama chai, na Batuli aliutazama kwa furaha ambayo hajawahi kuutazamia mukojo wa mutu. Siku moja akamuita kwa jina lake mwenyewe, Batuli, siyo la mama yake, akamuuliza kwa nini anamukodolea macho. Kidole hakikupona. Kilikufa mpaka chini na wakakikata. Kama ni juu ya mwiba, ama juu ya mawese ya moto, ama juu ya saa zile Jamali alizomaliza na hotuba zake, daktari alisema hawezi kusema. Batuli anaweza. Amenitajia saa na mutu.

Siku ya kutoka, alimuuliza Aristide lile swali.

"Sasa niambie. Alipewa dawa ama maji?"

"Sijui, mama."

"Bado hujui?"

"Tutajua wakimalizika wagonjwa wote, hospitali zote. Ndipo watahesabu nani alipona zaidi, wa dawa ama wa maji. Inaweza kuwa dawa inasaidia. Inaweza kuwa haisaidii kitu. Inaweza kuwa mume wako alipona na zile dawa za kwanza na maji tu."

"Yaani ulinigombanisha na ukoo muzima juu ya kitu ambacho hata wewe hukijui?"

"Ndiyo," kijana akasema, macho chini. "Kama tungekijua, tusingewauliza. Tungewapa tu."

Batuli alikasirika. Mpaka leo amekasirika kidogo. Miye nilimwambia: katika kartiye nzima, na ukoo muzima, na wanaume wote waliojaa uani, umepata mutu mumoja aliyesema hajui, tena ndiye aliyesoma, na huyo ndiye unamukasirikia. Akanikatia jicho. Akasema nichambue ndagala.

Walirudi nyumbani na gari la Hadji, aliyekataa kusikia neno la malipo, akisema ubavu wake umepata raha mbele ya watu na hiyo inatosha. Majirani walikuwa wamepika pilau. Na nani ameketi katikati ya mukeka, mugongo umeegemea muto wa mugonjwa? Jamali. Alikuwa amekonda, lakini mudomo ulikuwa na nguvu.

"Musiseme ni wale wazungu," aliwaambia wageni, kipande cha nyama mukononi. "Wao wenyewe hawajui waliweka nini. Kamuulizeni daktari, atawaambia hajui! Miye najua niliweka nini. Ile chupa ilikaa uani karibu na dirisha lake usiku kucha. Harufu inaingia, askari wananusa, wanaamka."

"Si uliinywa wewe?" Hadji akauliza.

"Niliinywa kwa niaba."

"Kwa niaba ya nani?"

"Damu ni moja," Jamali akasema. "Nasiri na miye tulinyonya ziwa moja. Ikiingia kwangu imefika kwake."

Na kuna watu walitikisa kichwa kukubali. Nimeambiwa majina yao, na mumoja ni mutoto wa dada yangu, kwa hiyo sitayaandika. Nasiri alikuwa amelazwa pembeni, mukono umefungwa kitambaa cheupe. Alimusikiliza kaka yake muda murefu.

"Yaya, kaka yangu," akasema kwa sauti ndogo, "ulipohara wewe, miye sikuhara. Na walipokata kidole changu, chako kilidondoka?"

Wageni wakamwaga maji kwa kicheko. Jamali akasema mugonjwa bado anaweweseka, mumuache apumuzike, akajipakulia tena.

Kisha wakaondoka mumoja mumoja, joto la mchana likiwa limekaza. Hadji akaenda depo, kwenye ukuta wake mupya. Chausiku akapeleka masinia kwa wenye masinia na kubaki kwao kucheza na wenzake. Jamali hakuondoka. Alikuwa anaeleza jambo juu ya figo, kwamba nazo ziko na askari wake, wafupi zaidi, sentensi ikaanza vizuri, ikapungua, na katikati yake akalala kichwa nyuma, kinywa wazi, mukono wenye wali juu ya tumbo.

Nasiri naye alikuwa amelala. Batuli alisogea karibu na sikio lake, juu ya mazoea ya kule hospitali, kusikiliza pumzi. Haikuwa ile ya kufukuzwa na mbwa. Ilikuwa inakwenda, inangoja, inarudi, kama ya mutu aliyeshiba na hana anayemudai kitu. Paji la uso lilikuwa na jasho la kawaida la mchana wa Rumonge. Mwilini mwake wale askari, kama ni dawa iliyowarudisha ku kambi, ama maji, ama Mungu, ama walichoka tu, walikuwa kimya.

Masufuria yalibaki uani, na kuku wameanza kuyafikia. Batuli aliyaona. Anasema aliwaza kuinuka awafukuze, na aliwaza vilevile kumufunga Jamali kinywa, inzi wasiingie. Tangu asubuhi ya ile pikipiki hakuwa amefumba macho isipokuwa ku kiti. Akakunja kanga chini ya kichwa, akajinyoosha ku sakafu penye ubaridi, mukono mumoja juu ya kifua cha mume wake, ili kikibadilika aamke.

Hakikubadilika. Kutoka hapo hana cha kunieleza, kwa sababu naye alilala.